Shajara ya mradi: gari lililoshushwa, tairi linalogusa fenda

Hali ya gari mwanzoni

Gari ni dogo, la milango minne, na huvutwa na magurudumu ya mbele. Mbele lina mfumo wa MacPherson (shokamzoba ndiyo inayoshika gurudumu kwa juu), nyuma mikono mingi (vyuma kadhaa vinavyounganisha gurudumu na bodi), na kona zote nne zimefungwa koilova (shokamzoba na springi vikiwa kitu kimoja) zinazorekebishika urefu. Likitoka kiwandani, umbali kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa fenda ulikuwa milimita 385. Sasa mbele ni 342 na nyuma 345. Rimu za awali zilikuwa 16×6.5 (kipenyo na upana kwa inchi) zenye ofseti 45 na tairi 205/55R16 (upana kwa milimita, kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana, kisha kipenyo cha rimu). Zilizofungwa sasa ni 17×8 zenye ofseti 35 na tairi 215/45R17.

Dalili ni tatu. Likibeba watu nyuma, linakwaruza kwenye matuta. Usukani ukikatwa hadi mwisho, plastiki inalia mbele. Na barabara ikibonyea ghafla katikati ya kona, kuna mlio mmoja mkavu wa kugonga chuma upande wa kushoto nyuma. Huo wa tatu ndio wa kuogopa, kwa sababu chuma hukata tairi.

Siku ya 1: hesabu kabla ya zana

Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaokaa kwenye habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa. Rimu ya inchi 6.5 ina upana wa milimita 165. Nusu yake ni 82.5, ukitoa 45, mdomo wa rimu unatokeza nje ya uso wa habu kwa 37.5. Rimu ya inchi 8 ina 203. Nusu yake 101.6, ukitoa 35 unabaki na 66.6. Kwa hiyo mdomo wa rimu mpya umetoka nje zaidi kwa milimita 29.

Wengi huishia hapo, wakaona 29 na kukimbilia kukunja fenda. Lakini kinachogusa fenda ni bega na ubavu wa tairi. Tairi la 205/55R16 kwenye rimu ya 6.5 lina upana halisi wa takriban 214. La 215/45R17 hupimwa kwenye rimu ya inchi 7 likiwa 213, na kila nusu inchi ya rimu huliongezea kama milimita 5, kwa hiyo kwenye rimu ya 8 ni takriban 223. Hesabu ya ubavu wa nje: zamani 107 kutoa 45 ni 62; sasa 111.5 kutoa 35 ni 76.5. Tairi limetoka nje kwa milimita 14.5, nusu tu ya kile ambacho rimu inaonyesha. Upande wa ndani, zamani ilikuwa 152 na sasa ni 146.5. Maana yake tairi limesogea mbali na shokamzoba kwa 5.5, kwa hiyo ndani hatuna tatizo. Kuweka spesa (kipande kinachokaa kati ya rimu na habu ili kusogeza gurudumu nje), jambo ambalo hushauriwa haraka kila panapotajwa kugusa, hapa kungezidisha ugonjwa.

Kipenyo nacho kimeshuka kidogo, kutoka 632 hadi 625. Nusu yake ni 313. Gari likiwa limesimama, juu ya tairi la mbele pamebaki nafasi ya milimita 29 hadi ukingo wa fenda. Gurudumu linaweza kupanda zaidi ya 60 kwenye tuta kali. Kwa hiyo tairi litaingia ndani ya fenda tupende tusipende, na swali la mradi huu ni kama linaingia likiwa nyuma ya mdomo wa fenda (ukingo wake uliokunjwa kuelekea ndani) au likiwa chini yake.

Siku ya 2: kutafuta alama

Magurudumu yametolewa, gari likiwa juu ya stendi nne. Jeki peke yake haitoshi kwa kazi ya kuingiza kichwa ndani ya fenda.

Alama zilizoonekana: plastiki ya ndani ya fenda mbele imeng'aa sehemu mbili, moja mbele ya gurudumu karibu na bampa na nyingine nyuma yake chini. Skrubu inayoshika kona ya bampa ya mbele na fenda imesuguliwa kichwa. Nyuma kushoto, mdomo wa fenda umetoka rangi kwa urefu wa sentimita 22, kuanzia juu kabisa kuelekea bampa. Nyuma kulia ni sentimita 6 tu. Bodi za magari hazilingani pande zote mbili kikamilifu. Hapa kushoto ni pafinyu kwa milimita 3 kuliko kulia. Pima kila kona peke yake, usinakili.

Tairi la nyuma kushoto lina mkato kwenye bega wenye kina cha kuonyesha nyuzi. Hilo halizibwi wala halitiwi kiraka. Limeondolewa pamoja na mwenzake wa ekseli hiyo hiyo.

Ili kupata vipimo vya safari halisi ya gurudumu, yaani umbali linaopanda na kushuka, kila fimbo ya shokamzoba imefungwa kibanio chembamba cha plastiki, kikasukumwa chini hadi kugusa mwili wake. Gari likipita kwenye tuta, kibanio husukumwa juu na kubaki pale safari ilipoishia. Kwenye mdomo wa fenda tumebandika plastisini vidonge vidonge, kila sentimita 5. Nyuma tumeweka mifuko ya mchanga: miwili ya kilo 70 kwenye kiti na kilo 50 kwenye buti. Tumepita tuta kwa mshazari, polepole, mara nne, kwa sababu mshazari hupandisha gurudumu moja juu zaidi kuliko kulipanda tuta moja kwa moja.

Matokeo: nyuma kushoto kibanio kinaonyesha gurudumu limepanda takriban milimita 62 kutoka kimo cha kusimama, na plastisini imebondwa kabisa kwenye vidonge vinne.

Siku ya 3: kuzungusha safari bila springi

Hii ndiyo siku yenye thamani kuliko zote katika mradi huu, na ndiyo ambayo watu huiruka. Springi imetolewa kwenye koilova na shokamzoba ikarudishwa bila springi. Linki za stabilaiza (fimbo inayounganisha magurudumu ya kushoto na kulia) zimefunguliwa, la sivyo upande wa pili utavutana na unaopimwa. Sasa gurudumu linaweza kupandishwa kwa jeki chini ya mkono wa chini hadi mwisho wa safari, na kila nafasi inaonekana kwa macho.

Tahadhari moja: raba ya kikomo. Bila springi, gurudumu litasimama raba inapoanza kuguswa, lakini barabarani raba hiyo ya povu la poliyurethani hubanwa hadi chini ya nusu ya urefu wake. Ukipima ikiwa haijabanwa utajidanganya kwa sentimita kadhaa. Raba ya gari hili ina milimita 50. Tumeitoa na kuweka mahali pake bomba gumu la plastiki la milimita 20, tukachukua hapo kuwa ndio mwisho wa safari.

Nyuma kushoto: gurudumu likipanda 50 tairi linagusa mdomo, na likifika 65 tairi limepandana na mdomo kwa milimita 4. Nyuma kulia limepandana kwa 1. Mbele, usukani ukiwa sawa, imebaki nafasi ya milimita 6 upande wa kushoto na 8 kulia. Usukani ukikatwa hadi mwisho na gurudumu likipanda 20 tu, tairi linabana plastiki mbele na kugonga ile skrubu ya bampa.

Sababu ya kugusa plastiki ni ofseti. Gurudumu huzunguka kwenye mhimili wa usukani, na ukilitoa nje kwa milimita 10, ukingo wake wa nje huchora duara kubwa zaidi. Kushusha gari kumechangia kidogo tu.

Lengo tulilojiwekea: nafasi isiyopungua 10 kati ya tairi na chuma cha bodi mwisho wa safari, na isiyopungua 5 kati ya tairi na shokamzoba. Hiyo ya pili ni ndogo kwa kuwa vitu hivyo viwili hupanda na kushuka pamoja. Bodi haipandi na tairi, na tairi kwenye kona hujipinda kwa ubavu.

Njia tulizozikataa

Tairi dogo zaidi, 205/45R17, huruhusiwa kwenye rimu za inchi 6.5 hadi 7.5. Kuivuta kwenye 8 ni kuitoa nje ya kipimo chake. Ubavu hulala, rimu hubaki bila kinga, na tairi likipungua upepo ni rahisi kuachia ukingo wa rimu. Hatufanyi. Tairi la 215/40R17 linaruhusiwa kwenye 8, lakini kipenyo chake ni 604, spidomita itasoma juu ya mwendo halisi kwa zaidi ya asilimia 4, na lile la kawaida lenye namba ya mzigo 83 hubeba kilo 487. Tairi la kiwandani la namba 91 hubeba 615. Mtu asiangalie upana tu akasahau namba hiyo. Mapya yaliyofungwa nyuma ni 215/45R17 yaliyoimarishwa, namba 91.

Kukaza preloudi ya springi, yaani kuibana kabla haijabeba uzito, hakusaidii pia. Springi ya mstari mmoja haiwi ngumu zaidi kwa kukazwa. Gari hupanda tu. Kama unataka gari lipande, kwenye koilova za aina hii zungusha bakuli la chini ambalo hubadilisha urefu bila kula safari.

Washa za kupunguza mkato wa usukani, zile zinazowekwa kati ya reki ya usukani na tairodi ya ndani (fimbo inayogeuza gurudumu), zingefaa kama tairi lingegusa chuma au stabilaiza. Hapa linagusa plastiki. Kupoteza mkato wa usukani kwa ajili ya plastiki si biashara nzuri.

Siku ya 4: mbele

Plastiki ya fenda haikutolewa kabisa. Nyuma yake kuna waya na shingo ya tangi la maji ya waipa; ukiiacha wazi, mawe na matope yatamaliza kazi ambayo tairi halikuimaliza. Waya zimesogezwa juu kwanza na kufungwa upya. Kisha plastiki imepashwa kwa kipulizia hewa moto hadi ikaanza kung'aa, ikasukumwa nyuma kwa kipande cha mbao kilichofunikwa kitambaa chenye maji, na kushikiliwa hapo dakika mbili hadi ikapoa. Ukiiachia mapema hurudi ilikotoka. Tumepata milimita 12 mbele ya gurudumu na 9 nyuma yake, bila kukata chochote.

Skrubu ya kona ya bampa imebadilishwa kwa ribiti ya plastiki yenye kichwa bapa, na ulimi wa chuma uliokuwa ukiipokea umekunjwa juu. Ulimi huo mdogo huharibu matairi mengi kuliko fenda zenyewe, kwa sababu ni mkali na hauonekani ukiwa umesimama nje.

Kwa mdomo wa fenda, tumetumia kemba, yaani mlalo wa gurudumu. Bamba la juu la koilova limesogezwa ndani, kutoka nyuzi hasi 1 na dakika 10 hadi hasi 1 na dakika 50 (hasi ni juu ya tairi kulalia ndani; dakika 60 ni nyuzi moja). Nafasi ya kushoto imetoka 6 hadi 10, ya kulia 8 hadi 12.

Hapa kuna kosa la kuepuka. Kemba ya mbele huweza kuongezwa mahali pawili: kwenye bamba la juu, au kwenye bolti zinazounganisha shokamzoba na nakoli (chuma kinachobeba habu). Ukitumia bamba la juu, shokamzoba na gurudumu hulala pamoja, na nafasi kati yao haibadiliki. Ukitumia bolti za chini, juu ya tairi husogea kuelekea shokamzoba yenyewe, takriban milimita 5 kwa kila nyuzi. Gari lenye nafasi finyu ndani likirekebishwa kwa bolti za chini huponywa nje na kuumizwa ndani, kisha mwenye gari hushangaa tairi jipya likikatika upande asioutazama.

Siku ya 5 na ya 6: kukunja mdomo wa fenda nyuma

Mdomo una upana wa milimita 14. Ukilazwa bapa hutoa kama 11. Kushoto tulikuwa tumepandana kwa 4, kwa hiyo tutabaki na 7. Pungufu ya 3 itatafutwa kwenye kemba.

Kwanza rangi. Kipima unene wa rangi kimesoma kati ya mikroni 110 na 140 kwenye ukingo wote, dalili kwamba ni rangi ya kiwandani. Kingesoma zaidi ya 300, ingekuwa alama ya rangi ya kurudiwa au pati (lipu ya kujazia mabonde ya bodi) chini yake, na pati haikunjiki. Hupasuka na kubanduka vipande. Fenda ya namna hiyo ikunjwe tu kama tayari imekubaliwa kupakwa rangi upya.

Plastiki ya ndani na kona ya bampa ya nyuma zimefunguliwa. Kishikizo cha bampa kimepunguzwa milimita 12. Kifaa cha kukunjia kimefungwa kwenye habu kwa nati zote tano, na roli ikawekwa katikati kabisa ya mdomo. Kikifungwa kwa nati mbili hucheza, na ukingo hutoka na mawimbi.

Mdomo umepashwa hadi nyuzi joto 60 hadi 70 kwa sentigredi, ukipimwa kwa kipimajoto cha miale. Kipulizia kinaenda na kurudi muda wote; kikisimama mahali pamoja, vanishi huvimba. Roli imepitishwa mara nne: ya kwanza kwa mgandamizo mdogo hadi mdomo ulale kama nyuzi 25, kisha 50, kisha 70, kisha bapa. Kati ya kila mpito tumepasha tena. Anayetaka kumaliza kwa mipito miwili ataona fenda yenyewe ikivutwa nje, na hilo halirudi bila fundi wa bodi. Karibu na mlango wa nyuma tumeishia sentimita 4 kabla ya pengo, kwa kuwa chuma kikivutwa pale mlango huanza kugusana na fenda ukifunguliwa.

Kulia kumekunjwa nusu tu, hadi nyuzi 50. Hapakuhitajika zaidi.

Sehemu ambayo haionekani ndiyo inayoamua kama kazi hii itadumu. Mdomo wa fenda ya nyuma ni mabati mawili, la nje na la ndani, yaliyochomelewa na kuzibwa kwa silanti. Ukiukunja, silanti hupasuka hata kama rangi ya nje haikuguswa. Maji huingia katikati, na kutu huanza mahali ambapo hakuna brashi inayofika. Tumekwangua silanti iliyopasuka, tukafuta kwa pombe ya isopropili, tukapaka praima ya epoksi mara mbili, tukaziba upya kwa silanti ya mabati, na juu yake rangi ya kukinga mawe. Imeachwa usiku mzima kabla ya kurudisha plastiki.

Siku ya 7: kemba ya nyuma na kufunga

Mikono ya nyuma ya gari hili hurekebishika juu na chini. Kufupisha mkono wa juu na kurefusha wa chini vyote viwili huongeza kemba hasi, na mashine ya alaimenti (ya kupima pembe za magurudumu) itaonyesha namba ile ile. Lakini cha kwanza huvuta juu ya tairi ndani, na cha pili husukuma chini ya tairi nje, pamoja na sehemu ya gurudumu zima. Kwa tatizo letu, ni wa juu tu. Kutoka hasi 1 na dakika 30 hadi hasi 2, pande zote mbili, na kushoto pamepatikana milimita 3 na kidogo.

Springi zimerudishwa, raba za kikomo pia, nzima bila kukatwa. Bakuli la nyuma limeinuliwa milimita 5, kwa hiyo kimo cha nyuma sasa ni 350.

Bolti za bushi (viungo vya mpira kwenye ncha za mikono) hazikukazwa gari likiwa hewani. Bushi za mpira zimeshikamana na chuma pande zote mbili. Ukizikaza magurudumu yakiwa yananing'inia, gari likishuka mpira hujisokota, hushikilia gari juu ya kimo chake halisi kwa muda, kisha huchanika. Gari limeshushwa juu ya ngazi za kupandia, likatikiswa mara kadhaa, ndipo bolti zikakazwa kwa spana ya kipimo kulingana na namba za mtengenezaji.

Rimu hizi zina tundu la katikati la milimita 73.1, na habu ni ndogo kuliko hapo. Ringi za kujaza nafasi hiyo zimewekwa. Bila hizo rimu hukaa kwa kubahatisha na usukani hutetemeka.

Siku ya 8: alaimenti na majaribio

Alaimenti imefanywa kukiwa na kilo 70 kwenye kiti cha dereva na nusu tangi ya mafuta. Tou, uelekeo wa magurudumu yakitazamwa kutoka juu: mbele sifuri, nyuma kuingia ndani dakika 10 kwa jumla. Meno ya ndani ya tairi yakiisha haraka kwenye magari yaliyoshushwa lawama huangukia kemba, lakini kwa nyuzi mbili kosa huwa zaidi kwenye tou, ambayo huburuta tairi kwa mshazari kila mita.

Taa za mbele zimepangwa upya, kwa kuwa nyuma na mbele havikushuka sawa.

Jaribio la mifuko ya mchanga limerudiwa, tuta lile lile, mshazari ule ule, plastisini mpya. Nyuma kushoto gurudumu limepanda 60. Kidonge chembamba kuliko vyote kina milimita 9. Nyuma kulia 12. Mbele 10 na 11. Usukani mwisho hadi mwisho, kushoto na kulia, hakuna sauti.

Baada ya kilomita 80

Nati za magurudumu zimekazwa tena. Mbili zilikubali kuzunguka kidogo. Alama za kalamu zilizowekwa kwenye bolti za mikono ya nyuma hazijasogea.

Baada ya kilomita 600

Kimo cha mbele kimeshuka milimita 2 kutoka kilipowekwa, nyuma 3. Springi na bushi hukaa. Nafasi ya nyuma kushoto ilikuwa tayari chini ya lengo, kwa hiyo bakuli limeinuliwa 3 kurudisha 350, na tou ikapimwa tena: nyuma ilikuwa imefika dakika 6, imerudishwa 10.

Silanti ya kushoto imekaguliwa kwa taa: hakuna ufa. Ya kulia ina ufa mwembamba wa sentimita 2 mahali mdomo ulipokunjwa nusu, pengine kwa sababu mabati hayakulala na bado yanacheza. Imekwanguliwa na kuzibwa. Kulia patakunjwa hadi mwisho magurudumu yatakapotolewa tena, na hadi hapo ukaguzi wa sehemu hiyo ni kila kilomita 1,000.